Mwanne, mama wa Buyenzi aliyenunua Kiingereza kwa mafungu

Saa mbili kasoro asubuhi, Mwanne Sefu anaifunua kompyuta yake kama mtu anavyofunua chungu cha wali, taratibu, kwa ncha za vidole, vumbi lisije likaangukia ndani. Kifuniko chenyewe ni kanga kuukuu. Anaikunja mara nne, anaiweka juu ya kabati, anasema bismillahi, ndipo anabonyeza kitufe.

Leo umeme upo. Mashine inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena, halafu kioo kinapata mwanga.

"Imeamka," anasema Mwanne. "Ni muzee huyu. Lazima umuache kwanza ajikune."

Chumba chake hapa Buyenzi, mjini Bujumbura, kina upana wa hatua nne tu. Upande mmoja kuna gereji, nyundo zinalia tangu alfajiri. Upande wa pili kuna mama anayekaanga sambusa. Mlangoni kuna kibao kilichoandikwa kwa rangi ya bluu: *Secrétariat public*, yaani ofisi ya kuchapia watu karatasi. Watu humletea barua za kuomba kazi, kadi za harusi, matangazo ya misiba na maombi kwa wakubwa. Ukurasa mmoja ni faranga mia moja na hamsini. Siku njema anapata elfu mbili na kidogo. Siku risasi zinaposikika milimani hapati hata wa kuuliza bei.

Saa mbili na dakika tano fimbo inagonga kizingiti mara mbili.

"Mama Saliha, mumeamka?"

"Tumeamka, mwalimu," anajibu Mwanne, ambaye mtaani huitwa kwa jina la bintiye. "Na we?"

"Mi sijue kama nimeamka. Huku kwangu giza ni lile lile."

"Ingia ukae, maneno yako yatanipozea chai."

Wanacheka wote wawili. Ni utani wa kila asubuhi, na kila asubuhi unachekwa kama mpya.

Anayeingia ni Adolphe Ntibaza, mwenye miaka hamsini na tano, aliyewahi kuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Anaketi kushoto kwa Mwanne, anaegemeza fimbo ukutani na kuweka mikono magotini. Mwanne anachukua karatasi ya Kifaransa na kuisoma kwa sauti, sentensi moja moja. Adolphe anainamisha kichwa. Anaigeuza sentensi kichwani kama mama anayegeuza chapati, kisha anaitoa kwa Kiingereza, kipande baada ya kipande, na vidole vya Mwanne vinakimbia.

Jambo la kushangaza ni kwamba Mwanne hajui Kiingereza.

"Hata kidogo," anasema. "Nilisoma mpaka darasa la tano. Mashine nilifundishwa na Mugiriki mumoja aliyekuwa na duka la vitambaa. Kifaransa nilikiokota hapo hapo, kwa sababu barua zake zote zilikuwa za Kifaransa. Kiingereza sikukiokota popote. Hakikuwa njiani."

Basi mmoja anajua Kiingereza na haoni. Mwingine anaona na hajui Kiingereza. Wawili hao hufanya kazi ya mtu mmoja, nao wameifanya tangu mwaka jana.

Adolphe aliyapoteza macho mwaka 1996, guruneti ilipolipuka kwenye kituo cha mabasi. Mwaka uliotangulia nyumba yake ya mtaa wa Kamenge ilikuwa imeungua vitani, na vitabu vyake vyote viliungua nayo. Yeye na mkewe Dative walihamia Buyenzi, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya nyumba ya Mwanne, kwa sababu Buyenzi watu hawakuwauliza mengi.

Dative anauza nyanya sokoni. Ndiye aliyekwenda kwa Mwanne siku moja, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Nilimuambia, dada, yule bwana wangu amekaa kwenye kona miaka mitano," anakumbuka Dative. "Anageuza uso kwenye ukuta kama mutu anayesoma. Mutafutie kazi, hata ya kukuchungia mulango."

Mwanne alifikiri siku mbili. Wakati huo kulikuwa na ofisi moja ya misaada ya wageni, huko juu kuelekea Kiriri, iliyotafuta watu wa kugeuza maombi ya wakimbizi wa ndani kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, ili yapelekwe ng'ambo kwa wenye fedha. Mwanne alichukua kurasa mbili za majaribio. Akaenda kwa Adolphe, akamwambia, "Mwalimu, kuko watu wanataka Kiingereza. Mi niko na vidole. We uko na hicho Kiingereza. Twende."

Mwanzoni walikwenda kwa mwendo wa kobe. Adolphe alitaja herufi za kila neno, moja baada ya nyingine, na ukurasa mmoja ulikula siku mbili. Walipoongeza kasi, makosa nayo yakaongezeka. Mwanne aliandika alichosikia. Kompyuta haikumsaidia kitu. Ilinunuliwa kuukuu kutoka kwa ofisi iliyofunga, na programu yake ya kuandikia ilikuja na orodha ya maneno ya Kifaransa peke yake. Kila neno la Kiingereza, liwe sahihi au la, ililipigia mstari mwekundu.

"Ukurasa mzima ulikuwa unatoka damu," anasema Mwanne. "Sasa utajuaje kidonda kiko wapi?"

Ndivyo walivyofika mwezi wa pili mwaka huu, 2002.

Siku ya Jumatatu Mwanne alipanda kwenda kuchukua jibu la kazi yao kubwa ya kwanza. Zilikuwa kurasa saba: maombi ya akina mama wa kambi moja ya wakimbizi wa ndani iliyo pembezoni mwa mji, wanaoomba bomba la maji. Bwana mmoja wa kigeni alimrudishia zote. Kalamu nyekundu ilikuwa imepita humo kama kuku kwenye unga. Kwa Kifaransa chake cha kuazima, alimwambia kwa upole kwamba mawazo ni mazuri sana, lakini karatasi kama hizo hawezi kuzipeleka popote. Angewapa mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa sita mchana. Zikirudi vile vile, kazi yote ingepelekwa Nairobi.

Mwanne alimwambia Adolphe kwamba makosa yalikuwa machache.

"Ngapi?" akauliza Adolphe.

"Machache, mwalimu."

"Mama Saliha, nimesahihisha daftari za watoto miaka kumi na nane. Hesabu ukurasa wa kwanza."

Mwanne akahesabu kwa sauti, kwani mbele ya mtu asiyeona hakuna namna ya kuhesabu kimoyomoyo. Yalikuwa arobaini na moja.

Adolphe akachukua fimbo yake, akasema kwaheri vizuri, akaenda nyumbani. Kesho yake hakuja. Aliyekuja ni Dative, mikono ikinuka nyanya.

"Amerudi kwenye kona, dada," akasema. "Uso kwenye ukuta."

Kuanzia hapo Mwanne hakufikiria tena kurasa wala Nairobi. Alifikiria kona ile. Alikuwa na siku kumi.

Kwanza aliazima kamusi parokiani. Ilikuwa nene kama tofali. Kwa robo saa alipata kuhakikisha maneno saba. Alipiga hesabu, akaifunga.

Mchana wa siku hiyo hiyo, Jumanne, alishuka mjini kwenye duka moja la intaneti linaloangaliwa na Orlane, msichana mwenye miwani na ulimi mwepesi. Mwanne alimweleza shida yake tangu mwanzo, na Orlane akamsikiliza akitafuna kalamu.

"Mama, mashine yako haina akili. Iko na orodha tu," Orlane alimwambia. "Ukiandika neno, inaangalia kwenye orodha. Likiwemo, inanyamaza. Likikosa, inapiga mstari. Ukiipatia orodha ya Kiingereza, itajua Kiingereza kesho asubuhi."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Hata mi ningekuwa na orodha kama hiyo ya wanaume, ningepumzika."

Wakaanza kutafuta. Mwanne hakujua kwamba duniani kuna watu wanaokusanya maneno kama wengine wanavyokusanya stempu. Waliona orodha za kuuzwa, zilizotaka kadi ya benki. Waliona orodha za watu wanaocheza michezo ya maneno, zenye maneno laki mbili ambayo, kwa kumwamini Orlane, hata wenyewe Waingereza hawayajui. Mwisho wakafika kwenye ukurasa wa mtu fulani wa chuo kikuu cha mbali, aliyeweka maneno elfu ishirini na moja ya kila siku na kuandika chini kwamba yeyote achukue bure.

Cha bure kilikuwa ghali. Saa moja ya intaneti ni faranga elfu moja na mia nane, karibu mapato ya siku nzima ya Mwanne, na laini ya simu hapa mjini haina subira. Orodha ilianza kushuka. Ikafika nusu. Ikakatika. Wakaanza tena. Ikafika robo tatu, ikakatika, na saa ikaisha.

"Nilitazama ile mistari ikijaa, nikawa kama mutu anayetazama maziwa kwenye moto," anasema Mwanne. "Ukigeuza shingo tu, yamekwenda."

Ndipo alipomkumbuka mdogo wake, Chabani, dereva wa lori. Jumatano Chabani alikuwa anaondoka na msafara unaosindikizwa na askari kwenda Kigali, ambako laini ni bora. Orlane aliandika anwani kwenye kikaratasi. Mwanne alimpa Chabani disketi moja mpya na maneno machache.

"Mi sitaki kitenge wala sabuni. Niletee hii imejaa. Ukiipoteza usirudi."

"Dada, nimewahi kupoteza kitu chako?"

"Mwavuli wangu uko wapi?"

"Ule uliibiwa. Haukupotea."

Siku ya Jumamosi, karibu na saa tisa, Chabani aliingia chumbani peku. Mguu wake mmoja ulikuwa na damu iliyokauka. Wakati wa kurudi, kabla ya kufika Bugarama, watu wenye bunduki walikuwa wamesimamisha magari ya mkiani mwa msafara. Walichukua saa, fedha, viatu, hata shati la tingo, msaidizi wake. Lakini Chabani alikuwa anacheka meno yote nje.

"Hii hawakuiona," akasema, akaweka disketi mezani.

Mwanne hakuitazama disketi. Alimkalisha, akamwosha mguu kwa maji ya moto na chumvi, akamnunulia sambusa nne jirani. Ndipo alipoingiza disketi kwenye mashine.

Mashine ikanguruma. Halafu ikaandika kwa Kifaransa kwamba disketi ile haijawahi kuandikwa kitu chochote.

Akaitoa, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akairudisha. Jibu likawa lile lile.

"Chabani," akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "uliificha wapi?"

Chabani akafurahi kuulizwa. Madereva wa gereji zetu wana njia yao, akaeleza. Kitu cha thamani hakiwekwi mfukoni wala chini ya kiti, maana huko ndiko wanakoanzia kutafuta. Unavunja spika mbovu ya redio, unatoa sumaku yake, ile kubwa nyeusi. Kitu chako unakibandika kwa sumaku hiyo kwenye chuma cha nyuma ya dashibodi, juu, mahali ambapo mkono wa mgeni haufiki. Gari lipite mashimo, lipinduke, kitu hakidondoki. Leseni yake inakaa hapo. Fedha za tajiri wake zinakaa hapo.

"Inashika, dada! Nilitumia sumaku mbili, moja huku, moja huku, ili isitikisike."

Mwanne aliyajua mambo machache ya kompyuta, lakini hilo alilijua. Orlane alikuwa amemwonya juu ya vitu vitatu: jua, maji na sumaku. Sumaku hula kilichoandikwa kwenye disketi kama mchwa anavyokula mlango, bila kuacha alama.

Alimtazama mdogo wake, mguu umefungwa kitambaa, mdomo umejaa sambusa.

"Ahsante, baba," akamwambia. "Mungu akulinde."

Jioni ile alikwenda kwa Adolphe. Alimkuta kwenye kona. Hakumsihi, wala hakumpa moyo. Aliketi mkekani, akamsimulia habari ya safari: Bugarama, viatu, shati la tingo, sumaku moja huku na moja huku.

Alipofika kwenye sumaku ya pili, mabega ya Adolphe yakaanza kutikisika. Dative, aliyekuwa akichambua ndagala, dagaa wa ziwani, mlangoni, aliacha kazi akidhani mumewe analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, akageuka kutoka ukutani, machozi yanamtoka kwenye macho yale yasiyoona.

"Maneno elfu ishirini na moja," akasema alipopata pumzi. "Yamevuka vita mazima mazima, halafu yameuawa na spika ya redio!"

"Kesho kutwa njoo kazini," Mwanne akamwambia. "Usikose."

"Kufanya nini? Orodha haiko."

"We njoo."

Jumapili nzima Mwanne alikuwa akifikiri. Na fikra zake, anasema, hazikutoka mbali. Pale sokoni Buyenzi hakuna mtu siku hizi anayenunua gunia. Bei zilipopanda watu walijifunza kununua fungu: nyanya nne, vijiko viwili vya mafuta kwenye kikaratasi cha nailoni, sabuni iliyokatwa vipande. Fungu ni dogo, lakini linafika nyumbani.

Jumatatu alikuwa wa kwanza kwa Orlane.

"Ile orodha, mwanangu. Haiwezi kukatwa?"

"Kukatwa vipi?"

"Kama sabuni."

Orlane aliutazama ukurasa tena, akashuka chini kabisa, akajipiga kwenye paji la uso. Yule mtu wa chuo kikuu alikuwa ameiweka orodha yake mara mbili: moja nzima, na nyingine imegawanywa herufi kwa herufi, A hadi Z. Herufi moja ni ndogo. Inashuka kabla laini haijakasirika.

"Mama, mi sijawahi kuuza hivi," akasema Orlane. "Haya, herufi moja mia mbili. Unataka ngapi leo?"

"Nipatie saba. Na hizo nyembamba za mwisho uniongezee juu, kama muuza nyanya anavyoongeza."

Basi kwa siku nne Mwanne alishuka mjini kila asubuhi na kununua Kiingereza kwa mafungu. A, B na C zilikuja Jumatatu, pamoja na D, E, F na G. Herufi S, ambayo Adolphe alisema ndiyo mama mwenye watoto wengi kuliko wote, ilikatika mara mbili ndipo ikakubali. Disketi alizibeba ndani ya sahani ya bati iliyofunikwa kwa sahani nyingine, kama anayepeleka futari kwa jirani, na alipopita gereji ya Chabani alivuka barabara.

Mchana yeye na Adolphe, aliyerudi mahali pake, walifanya kazi nyingine. Mashine ya Mwanne ni kongwe, na maneno ya nyongeza yakizidi elfu kumi na nane inaganda. Ilibidi maneno elfu tatu yaachwe nje. Nani aseme lipi? Mwanne alisoma kila neno kwa matamshi yake mwenyewe, Adolphe akalitambua, akajibu: "Weka." Au: "Toa." Saa sita kwa siku. Mama wa sambusa alidhani wanasali.

Meli za kifahari zilitoka. Michezo ya farasi ilitoka. Vyakula kumi na viwili ambavyo Adolphe mwenyewe hakuwahi kuviona vilitoka. Kwenye neno la theluji waligombana.

"Toa," alisema Adolphe. "Kambini hakuna theluji."

"Ni nini hiyo?"

Akamweleza.

"Weka, mwalimu. Kuko watu wetu wamepelekwa Kanada. Siku moja wataandika huku kueleza wanavyoteseka, na mashine iwapigie mustari?"

Theluji ikabaki.

Kwenye herufi C alisoma neno fulani fupi, na vidole vya Adolphe vikasuguana kama vinavyopangusa unga. Mwanne akalisoma tena.

"Ni nini hiyo, mwalimu?"

"Chaki."

"Tuweke au tutoe?"

"Weka," akasema Adolphe. "Tuendelee, mama."

Alhamisi alasiri walipomaliza Z na kuipa mashine orodha yake, umeme ulikatika. Ulikatika mtaa mzima, na siku hizi ukikatika hakuna wa kuuliza unarudi lini. Kurasa saba zilikuwa ndani ya mashine, bado na makosa yake. Ijumaa saa mbili asubuhi kioo kilikuwa bado cheusi. Adolphe alikuwa ameketi mahali pake, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na Dative, mikono magotini.

Saa mbili na nusu Chabani akaingia, betri ya lori begani na kidude cha kugeuza umeme wa gari uwe wa nyumbani kwapani. Habari ya disketi alikuwa ameisikia gerejini, ambako ilikwisha kuwa kichekesho cha wiki.

"Simama hapo hapo," Mwanne akamwambia. "Sumaku ziko wapi?"

"Nimeziacha nyumbani, dada, wallahi. Nipapase."

"Nitakupapasa kweli. Geuka."

Alimpapasa mpaka kwenye soksi. Betri ikafungwa, mashine ikaamka. Mwanne akafungua ukurasa wa kwanza, na kwa mara ya kwanza akauona weupe. Mistari myekundu ilikuwa imekwenda zake. Palipobaki mstari palikuwa na kosa kweli, na kila kosa alilisoma herufi kwa herufi, Adolphe akalinyoosha. Ukurasa uliokula siku mbili mwaka jana ulichukua dakika kumi na tano.

Mwishoni kabisa, kwenye ukurasa wa saba, mistari ilirudi ikajaa tena, mmoja chini ya mwingine. Mwanne akashtuka.

"Soma," akasema Adolphe.

Yalikuwa majina. Akina mama thelathini na wawili walioomba maji, wakitanguliwa na msemaji wao, Scholastique, wote wamepigiwa mstari mwekundu.

"Hao usiwaguse," akasema Adolphe. "Mashine haiwajui. Wenyewe wanajijua."

Saa tano kasoro robo karatasi ya mwisho ilitoka kwenye printa. Mwanne akachukua bahasha, na Adolphe akasimama.

"Nakwenda na we."

"Ni mbali, mwalimu. Ni mlima."

"Zikirudi, zirudi nikiwepo."

Tangu guruneti alikuwa hajavuka mtaa. Walipanda kwa miguu, mkono wake begani kwa Mwanne, Mwanne akimtajia mitaro na mawe. Walifika zimebaki dakika kumi.

Bwana yule alisoma amesimama, kalamu mkononi. Mwanne alikuwa akiitazama kalamu peke yake. Ukurasa wa kwanza ilikaa hewani. Wa pili ikakaa hewani. Kwenye wa tano ilishuka mara moja, ikaweka nukta, ikapanda. Alipomaliza wa saba aliiweka mezani, akauliza kitu kwa Kiingereza, na Adolphe akamjibu. Wakaongea. Bwana akacheka, Adolphe naye akacheka, kicheko kizito kidogo ambacho Mwanne alikuwa hajawahi kukisikia.

"Sikujua wanasema nini," anasema Mwanne. "Lakini niliona mwalimu amesimama kama mutu aliyevaa viatu vyake mwenyewe."

Waliporudi walikuwa na faili jingine, kurasa kumi na tisa. Adolphe ndiye aliyelibeba. Dative alikuwa amesimama mwanzo wa barabara na beseni lake la nyanya. Alipomwona mumewe anakuja amekumbatia karatasi kifuani, alilitua beseni chini na kuweka mikono miwili kichwani.

Tangu siku hiyo kazi haijakatika. Kwa mwezi wanagawana faranga elfu arobaini hivi, nusu kwa nusu, na risasi zinaposikika wanagawana pungufu ya hapo. Akina mama wa kambi wamejibiwa kwamba bomba lao liko njiani. Scholastique alikuja mwenyewe kushukuru, akaomba aonyeshwe jina lake kwenye mashine.

Kile kilichobaki kinamhusu Mwanne mwenyewe. Ameipa kompyuta maneno elfu kumi na nane ya Kiingereza, ameyasoma yote kwa mdomo wake, na karibu yote hajui maana yake. Jambo hili lilimkaa rohoni. Akamwambia Adolphe, na Adolphe akasema dawa ipo: maneno matano kila siku, saa sita mchana, kabla ya chakula, kwa utaratibu wa orodha, tangu la kwanza. Akapiga hesabu kichwani. Siku sita kwa wiki, bila kukosa, ni miaka kumi na moja na nusu.

Mjini Bujumbura leo watu hununua maharage ya siku mbili, maana ya tatu hawaijui. Mwanne ana miaka hamsini na miwili na wajukuu watano. Alisema sawa.

Sasa ni saa sita. Nyundo za gereji zimepumzika. Mwanne amefungua daftari lenye mistari, penseli sikioni. Wamefika neno la mia saba na tisini, na wangekuwa mbele zaidi kama siku nyingine, risasi zikilia, wasingelazimika kulala chini ya meza.

"Bado tuko kwenye A, mwalimu," analalamika. "Miezi saba! Mi sitaki kufa niko kwenye A."

"Haufi. S peke yake iko na zaidi ya mwaka. Nani atanisomea S?"

"Dative."

"Dative iko na nyanya. Soma, mama. La kwanza la leo."

Mwanne anaweka kidole kwenye kioo, chini ya neno, na kulisoma taratibu.